Kuboresha Kompyuta Bila Kupoteza Kazi: Lini Mfumo Uhamishwe na Lini Usakinishwe Upya

Wasomaji wa Kamukuywa, Kimilili, Kiminini na masoko mengine ya karibu na barabara itokayo Webuye kwenda Kitale wamekuwa wakiuliza swali moja kwa namna nyingi: kompyuta inapoongezewa kumbukumbu, inapobadilishwa diski, au nafasi yake inapochukuliwa na nyingine yenye nguvu zaidi, je, ni lazima Windows iwekwe upya, au ile iliyopo inaweza kuhamishwa pamoja na vyote vilivyomo? Swali hili limepata uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10, kwa kuwa vipakatalishi vingi vilivyotumika ng'ambo na kuuzwa tena nchini Kenya bado vinatumia mfumo huo.

Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu inayosimamia vifaa vyote vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Windows na Linux ni mifano yake. Mfumo huu unaweza kupatikana tena wakati wowote, lakini daftari la mauzo la duka la pembejeo, alama za wanafunzi au picha za familia zikifutika bila nakala haziwezi kununuliwa popote. Kwa sababu hiyo makala haya yanaziweka data mbele ya mfumo, na mfumo mbele ya kifaa.

## Jibu hutegemea kifaa kinachobadilishwa

Watu wengi husakinisha upya pale ambapo hapakuwa na haja, na wengine huhamisha mfumo pale ambapo ungepaswa kuanzishwa upya. Mwongozo ufuatao unatosha kwa hali nyingi:

- Kumbukumbu ya muda (RAM), yaani sehemu inayoshikilia kazi inayoendelea na kusahau yote umeme unapozimwa: hakuna haja ya kusakinisha chochote, kwani mfumo huitambua kumbukumbu mpya kompyuta inapowashwa.
- Betri, kibodi, skrini na chaja: mfumo hauguswi kabisa.
- Kadi ya picha: mfumo hubaki ulivyo, ila huhitaji viendeshi vipya, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa fulani.
- Diski: mfumo wote unaweza kunakiliwa kutoka diski ya zamani hadi mpya, ikiwa ya zamani bado ni nzima na mfumo wenyewe hauna hitilafu.
- Ubao mama, ambao ndio ubao mkuu unaounganisha sehemu zote, au kompyuta nzima: njia salama ni kusakinisha upya. Windows 10 na 11 mara nyingi huweza kuwaka juu ya ubao mgeni, lakini hubeba viendeshi vya mashine ya kwanza na huweza kukataa leseni.

Kunakili diski nzima ni sawa na kuhamisha mche pamoja na udongo wake: mche haushtuki, lakini wadudu waliokuwa udongoni huhama nao. Ikiwa kompyuta ilikuwa na virusi, au programu zilizoamilishwa kwa njia zisizo halali, nakala yake itakuwa na matatizo yaleyale.

## Kabla ya kutoa fedha

Kosa la gharama kubwa hutokea dukani, kabla bisibisi haijashikwa. Windows 11 inahitaji, kwa uchache, kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, na kichakataji kilichomo katika orodha ya Microsoft. Kwa vichakataji vya Intel orodha hiyo huanzia kizazi cha 8, isipokuwa vichache sana vya kizazi cha 7.

Muuzaji anaposema tu kwamba kompyuta ni "Core i5", hajasema jambo la kutosha. Kizazi husomwa kwenye namba inayofuata kistari: i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-8350U ni ya kizazi cha 8, na i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11. Hivyo HP EliteBook 840 G3, ambayo ina kichakataji cha kizazi cha 6, haimo katika orodha hata ikiongezewa kumbukumbu kiasi gani, ilhali 840 G5 yenye kichakataji cha kizazi cha 8 imo.

Mnunuzi anashauriwa kuthibitisha mambo haya akiwa bado dukani:

1. Abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R, aandike msinfo32, kisha asome jina la kichakataji na hali ya BIOS, yaani programu ya ndani inayoiwasha kompyuta kabla ya mfumo. Hali ya kisasa huandikwa UEFI, na ya zamani huandikwa Legacy.
2. Arudie hatua hiyo kwa kuandika tpm.msc, ili aone kama chipu ya TPM ipo na ni ya toleo gani.
3. Kama ananunua kumbukumbu, ahakikishe kama kompyuta yake inatumia DDR3, DDR4 au DDR5, kwa sababu aina hizi haziingiliani.
4. Kama ananunua diski ya SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ajue kama nafasi iliyopo ni ya inchi 2.5 au ni ya M.2. Diski mbili za M.2 zinaweza kufanana kwa umbo huku moja ikitumia njia ya SATA na nyingine NVMe, na si kila kompyuta hukubali zote.

Anayeagiza kifaa kutoka Nairobi au Eldoret na kutumiwa kwa matatu ana sababu zaidi ya kuwa makini, kwa kuwa kurudisha kifaa kisichofaa kunamgharimu nauli na siku za kazi.

## Kuokoa data kwanza

Nakala rudufu ni nakala ya pili ya faili, iliyohifadhiwa nje ya kompyuta yenyewe. Kunakili folda ya nyaraka peke yake hakutoshi, maana faili nyingi muhimu hukaa mahali ambapo mwenyewe hapakumbuki:

- eneo la mbele la skrini na folda ya vitu vilivyopakuliwa kutoka intaneti;
- hifadhidata za programu za uhasibu na za mauzo, ambazo mara nyingi huwa ndani ya folda ya programu yenyewe;
- barua pepe zilizohifadhiwa na Outlook ndani ya kompyuta;
- manenosiri na alamisho zilizomo katika kivinjari;
- marejesho ya kodi yaliyojazwa kwa ajili ya iTax na risiti zake.

Kipengele cha mwisho kina uzito wa kisheria, kwa kuwa Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Mfanyabiashara anayetumia programu ya ankara ya eTIMS iliyowekwa ndani ya kompyuta aulize kwanza katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) utaratibu wa kuihamisha, na asiifute kabla ya kupata jibu.

Nakala ziwe mbili, moja kwenye diski ya nje na nyingine mahali tofauti, kama vile hifadhi ya mtandaoni au nyumba nyingine. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, faili kadhaa zifunguliwe kutoka kwenye nakala hiyo kwa kutumia kompyuta nyingine, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama inafaa. Diski flashi za bei ya chini zichunguzwe kwa programu kama H2testw, kwani zipo zinazotangaza ukubwa zisiokuwa nao na kupokea faili ambazo baadaye hazifunguki.

## Funguo na leseni

Mambo mawili huwafungia watu nje ya kompyuta zao wenyewe.

BitLocker. Huu ni utaratibu wa Windows wa kuifunga diski kwa msimbo ili mwizi asiweze kuisoma. Tangu toleo la 24H2, Windows 11 iliyosakinishwa upya na kuingiwa kwa akaunti ya Microsoft huifunga diski bila kuuliza, hivyo mtumiaji anaweza asijue kwamba diski yake imefungwa mpaka siku ubao mama unapobadilishwa au BIOS inapofanyiwa mabadiliko, ambapo kompyuta humdai ufunguo wenye tarakimu 48. Ufunguo huo hupatikana katika akaunti ya Microsoft iliyotumika. Unapaswa kuandikwa kwenye karatasi kabla ya kazi kuanza, na BitLocker isimamishwe kwa muda katika mipangilio.

Leseni. Leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani hufungamana na ubao mama wake na haihamii kwenye kompyuta nyingine. Leseni iliyonunuliwa peke yake inaweza kuhamishwa, na kazi hiyo huwa rahisi zaidi kama imeunganishwa na akaunti ya Microsoft mapema. Kubadilisha diski peke yake hakuathiri leseni ya kidijitali, mradi toleo linalosakinishwa liwe lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro.

## Kuandaa siku ya kazi

Sehemu za magharibi mwa Kenya zina mvua za radi zinazonyesha sana nyakati za alasiri, na umeme unaokatika katikati ya kunakili unaweza kuiacha diski katika hali isiyowaka. Kwa hiyo:

- kazi ianze asubuhi, betri ikiwa imejaa na chaja ikiwa imechomekwa kupitia kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme;
- kompyuta ya mezani isiyo na betri iunganishwe na UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa umeme unapokatika, au kazi iahirishwe wingu likianza kutanda;
- faili la kusakinishia Windows 11, ambalo huzidi gigabaiti 5, lipakuliwe siku iliyotangulia kutoka tovuti ya Microsoft pekee, na diski flashi ya gigabaiti 8 au zaidi itengwe kwa ajili yake, kwa kuwa yote yaliyomo yatafutika;
- viendeshi vya Wi-Fi vya kompyuta husika vipakuliwe mapema na kuwekwa kwenye flashi nyingine.

Windows 11 hudai intaneti wakati wa kusakinishwa, na mara nyingine haiitambui Wi-Fi ya kompyuta. Hapo simu ya Android inaweza kuunganishwa kwa waya wa USB na kushiriki data zake, njia ambayo kwa kawaida hufanya kazi bila kiendeshi cha ziada.

## Njia ya kwanza: kunakili diski nzima

Njia hii inamfaa anayetoka kwenye diski ya zamani inayozunguka kwenda SSD ndani ya kompyuta ileile. Clonezilla, ambayo ni programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi, huifanya kazi hii vizuri.

1. Afya ya diski ya zamani ikaguliwe kwa programu kama CrystalDiskInfo. Diski inayotoa mlio wa kugongagonga au yenye onyo isinakiliwe nzima. Data zake ziokolewe mara moja, kisha mfumo usakinishwe upya.
2. Ukubwa ulinganishwe. Clonezilla kwa kawaida hutaka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi, hivyo anayetoka kwenye gigabaiti 500 kwenda 256 lazima kwanza apunguze data pamoja na ukubwa wa sehemu ya diski yenye mfumo.
3. Windows izimwe kabisa kwa kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kuchagua kuzima, kwa kuwa uzimaji wa kawaida huiacha nusu usingizini.
4. Diski mpya iunganishwe kupitia kasha la nje la USB linalolingana na aina yake.
5. Chanzo na lengo vitambuliwe kwa jina la mtengenezaji na ukubwa, na visomwe mara mbili kabla ya kuthibitisha. Anayevigeuza huandika utupu juu ya data zake zote.
6. Kunakili kukiisha, diski ya zamani itolewe na kompyuta iwashwe ikiwa na mpya pekee, kwa sababu Windows inaweza kuchanganyikiwa inapokuta diski mbili zenye utambulisho mmoja.
7. Diski ya zamani ihifadhiwe bila kufutwa kwa mwezi mmoja au zaidi.

Wakati wote huo mpangilio wa BIOS unaohusu diski, ulioandikwa AHCI au RAID, usibadilishwe, kwani kuubadilisha bila maandalizi huizuia Windows kuwaka hata kama nakala ni sahihi.

## Njia ya pili: kusakinisha upya

1. Flashi ya kusakinishia itengenezwe kwa programu ya Microsoft iitwayo Media Creation Tool, au kwa programu nyingine iitwayo Rufus.
2. Diski nyingine zote zitolewe, ibaki ile tu itakayopokea mfumo. Tahadhari hii ndogo huzuia msiba wa kufuta diski isiyokusudiwa.
3. Kompyuta iwashwe huku kitufe cha kuchagua chanzo kikibonyezwa: F9 kwa HP nyingi, F12 kwa Dell na Lenovo nyingi.
4. Kisakinishi kisipoiona diski yoyote kwenye kompyuta ya Intel ya kizazi cha 11 au zaidi, mtu asidhani kwamba diski imekufa. Mara nyingi kinachokosekana ni kiendeshi cha hifadhi cha Intel RST, ambacho hupakuliwa na kuwekwa kwenye flashi.
5. Mfumo ukishawaka, viendeshi vya mtandao vitangulie, kisha Windows ifanye masasisho yake mpaka yaishe.
6. Programu zisakinishwe kutoka kwa watengenezaji wake, na data zirudishwe mwisho.
7. Printa, mihuri ya kidijitali na programu ya uhasibu zijaribiwe kabla ya siku ya kazi.

Tovuti za serikali kama eCitizen na iTax zikikataa kufunguka, tarehe ya kompyuta ikaguliwe kwanza. Kompyuta za zamani huwa na betri ndogo ya ubao mama, mara nyingi ya aina ya CR2032, ambayo ikiisha huirudisha saa nyuma na kuvifanya vyeti vya usalama vya tovuti vionekane batili.

## Kompyuta isiyokubali Windows 11

Mwenye kompyuta ya kizazi cha 6 hana budi kuchagua, lakini halazimiki kuitupa.

- Kuongeza muda wa Windows 10. Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya nyongeza kwa watumiaji binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 za Marekani au bila malipo kwa anayesawazisha mipangilio yake na akaunti ya Microsoft. Hii ni nafasi ya kujipanga tu.
- Kuilazimisha Windows 11. Rufus inaweza kuruka masharti ya TPM, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa kompyuta hizo, hivyo njia hii haifai kwa ofisi yenye kumbukumbu za watu wengine.
- Kuhamia Linux. Linux Mint 22, iliyotolewa mwaka 2024, ina msaada hadi mwaka 2029 na hailipiwi. Inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. LibreOffice iliyomo hufungua nyaraka za Word na Excel, lakini faili zenye makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya jedwali kama zilivyo fomu za iTax, zijaribiwe kabla ya uamuzi wa mwisho.

Linux ina faida nyingine kwa wanaobadilisha vifaa mara kwa mara: viendeshi vingi vimo ndani ya kiini chake, hivyo diski yenye Linux ikihamishwa kwenye kompyuta nyingine mara nyingi huwaka bila kudai kusakinishwa upya.

## Mashaka yanayosikika mara kwa mara

"Kusakinisha upya kutaifanya kompyuta iwe na kasi." Kutasaidia kidogo ikiwa tatizo lilikuwa programu nyingi kupita kiasi. Ikiwa diski ni ile inayozunguka, uzito utarudi, na kununua SSD kutakuwa matumizi bora ya fedha.

"Fundi ataimaliza kazi yote." Fundi mzuri ni msaada mkubwa, lakini mwenye kompyuta ndiye anayejua faili zake. Kabla ya kuiacha kompyuta dukani amuulize fundi mambo matatu: nakala itawekwa wapi, Windows itakayowekwa ina leseni gani, na diski ya zamani itarudishwa kwa nani. Fundi asiyeweza kujibu swali la pili huenda akaweka programu ya kuamilisha kwa wizi, na programu za aina hiyo ni mlango unaojulikana wa virusi.

"Data ziko kwenye sehemu ya D, haziwezi kuguswa." Sehemu za C na D mara nyingi ni vyumba viwili vya diski moja, na diski ikifa au sehemu zote zikifutwa kwa makosa, vyote huenda pamoja.

## Diski ya zamani haiuzwi ikiwa na siri

Kompyuta ya saibakafe, ya Sacco au ya shule huwa na nakala za vitambulisho, namba za simu na alama za watu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa hizo azilinde, na kuuza diski iliyofomatiwa harakaharaka hakutoshi, kwa kuwa faili zake zinaweza kufufuliwa kwa programu za kawaida. Diski inayozunguka iandikwe upya yote kwa data tupu. SSD ifutwe kwa zana ya mtengenezaji au kwa amri ya ufutaji salama iliyomo katika BIOS nyingi. Na diski mbovu isiyoweza kufutwa ivunjwe.

## Masharti ya kuanza

Kazi hii ianze pale tu ambapo nakala mbili zimefunguliwa na kuthibitishwa, ufunguo wa BitLocker umeandikwa, aina ya leseni imejulikana, na kifaa kipya kimehakikishwa kwamba kinalingana na kompyuta. Mwenye kutimiza hayo, akiwa bado na diski yake ya zamani haijafutwa, anaweza kushindwa katika jaribio la kwanza, akairudisha diski hiyo mahali pake na kufungua biashara kesho yake. Asiyeyatimiza asianze, hata kama kifaa kipya kimekwisha kufika mezani.